Taraza Shingoni

Addis Ababa,
mwanzo wa mwezi wa Ginbot, mwaka 1933
(huko uliko wanasema Mei 1941).

Kwa kaka yangu mpendwa, Gashe Mekuria, Yerusalemu.

Umepitaje miezi yote hii? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila baridi kimetulia? Watawa waliokupa chumba wangali na huruma nawe, na umekwisha kuzoea chakula cha huko au ungali unaota shiro, ule mchuzi wa dengu wa mama yetu Emaye? Mimi, nikiacha kando kukukumbuka, siugui chochote. Emaye naye ni mzima. Ni magoti yake tu yanayonung'unika kila mvua ikikaribia. Ashukuriwe Mungu aliyetufikisha siku ya kuandika barua ambayo hakuna mgeni atakayeifungua kabla yako.

Najua unaweza kuichana kabla hujafika hapa. Barua yako ya mwisho, ile aliyoileta mtawa, mimi ndiye niliyemsomea Emaye, maana hapakuwa na mwingine wa kumsomea. Nilipofika pale ulipoandika kwamba huna dada, sikuruka neno. Ulisema pia kwamba hutakaa nami chini ya paa moja, hata iwe siku ya tezkari ya Abaye. Sasa nchi imerudi kwetu, na Emaye anataka kumfanyia baba yetu tezkari, ile karamu ya ukumbusho ambayo hakuipata miaka yote hii. Bila mwana wa kwanza kuketi mlangoni kupokea watu, karamu hiyo haifanyiki, nawe wajua. Basi nakuomba kitu kimoja: soma mpaka mwisho, kisha ndipo uhukumu.

Nianze na furaha. Bendera yetu iko juu, kijani, njano na nyekundu, na nimeiona kwa macho yangu. Siku Mfalme alipoingia mjini, barabara zilijaa mpaka watu walipanda juu ya mapaa na mapaa yakalalamika. Wapiganaji walishuka kutoka milimani wakiwa na nywele ndefu kama manyoya ya simba, kwa sababu waliapa kutozikata mpaka mgeni aondoke. Vigelegele vilianza asubuhi, na sidhani kama vimekwisha hata sasa ninapoandika. Weizero Askale, jirani yetu muuza tej, aligawa pombe yake ya asali bure, jambo ambalo padri alisema ni muujiza mkubwa kuliko ushindi wenyewe. Alimjibu padri kwamba anywe anyamaze, asije akabadili nia.

Unakumbuka jioni ile kabla ya kuondoka kwenda Geneva na wajumbe wetu? Ulikuwa ukitembea chumbani ukijizoeza Kifaransa, nami nikikurekebisha matamshi, ukanifukuza. Visima vya Walwal vilikuwa vimekwisha kumwaga damu, na Mwitaliano aliyetupiga ndiye aliyekuwa akidai tumwombe radhi. Ulimweleza Abaye kwamba mataifa zaidi ya hamsini yametia sahihi mkataba wa kulindana, na kwamba anayemgusa mmoja amewagusa wote. Abaye alikuwa akipaka mafuta bunduki yake. Alikuuliza kama majirani hao wana marungu au wana kalamu tu. Ukasema sahihi ni kiapo. Akacheka, akasema vizuri, fisi akija tutamsomea.

Sikukumbushi ili nikuchome. Mimi nilikuamini kuliko Abaye. Nilikuwa nimesoma vitabu vilevile ulivyosoma. Halafu tukaona jinsi wakubwa wa Geneva walivyokutana, wakaahirisha, wakaunda kamati ya kuichunguza kamati. Walizuia silaha kwa pande zote mbili, yaani kwa mwenye ndege na kwa mwenye mkuki, wakaiita hiyo haki. Mafuta ya kuzirusha ndege zake hawakuyagusa, wasije wakamkasirisha. Ndege hizo ndizo zilizomwaga sumu juu ya watu wetu kule Maichew. Abaye alinusurika, akarudi na ngozi ya mikono iliyobabuka, akala mlo mmoja nasi, akapanda milima ya Menz. Wewe ukaenda uhamishoni pamoja na wakubwa. Nyumba ikabaki na wanawake wawili.

Yaliyofuata uliyasikia kwa vinywa vya watu, nami sitakana hata moja. Ni kweli niliingia kazini katika ofisi ya Waitaliano, nikawa mkalimani wao. Ni kweli gari lao lilinichukua njia panda kila asubuhi, na askari wao alinifungulia mlango. Ni kweli mtaa mzima uliniita banda, msaliti. Weizero Askale alikuwa kiongozi wa kwaya hiyo. Kila nilipopita mlangoni pake alisimama, mikono kiunoni, akatangaza: “Funikeni vyungu, bibi harusi wa Roma anapita! Jamani, makaroni yamemkubali, tazameni shavu hilo!” Wateja wake walicheka mpaka wakamwaga tej. Emaye alikuwa akiyasikia yote kutoka dirishani.

Na lile kubwa kuliko yote, lililokufanya uandike uliyoandika, nalo ni kweli. Ilikuwa siku chache baada ya sikukuu ya Meskeli, mwaka wa tatu wa utumwa wetu. Siku moja kabla yake bosi wangu, mtu mmoja aliyeitwa Ferrante, alifungua mvinyo ofisini. Alinipa tangazo nilifasiri: wakubwa wanne walikutana katika mji wa Wajerumani, wakatia sahihi, wakamkatia dikteta wa huko kipande cha nchi ya watu wengine, na sasa amani imeokoka. Wajumbe wa nchi iliyokatwa walikuwa wakingojea hotelini waletewe habari. Ferrante aliniambia kwa furaha: “Umeona, binti? Dunia imejifunza adabu.”

Gashe, nilifasiri kila neno bila kutetemeka, lakini ndani yangu nilikuona wewe na mkoba wako kwenye korido ya Geneva. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilijua siku ile kwamba amani wanayoinywea mvinyo imekwisha kufa, na kwamba mtawala wa Roma aliyelishwa nchi nzima ya Wahabeshi na bado akaachwa mezani, na mwenzake Mjerumani aliyekuwa akimtazama akila, hawatashiba kwa kipande. Tulipopiga kelele kwamba kibanda chetu kinaungua, wenye majumba walifunga madirisha wasisumbuliwe na moshi. Nikajua moto utawafikia. Haikupita mwaka, ukawafika, na dunia nzima ikaingia ndani yake.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, tulisikia hodi. Unajua hodi ya saa ile ni ya nini. Walikuwa wameingia uani kimya, wazee na wanawake wa mtaa, kama desturi inavyotaka, ili msiba usitukute peke yetu. Padri ndiye aliyesema. Abaye ameanguka Menz, risasi ya kifua, akiwa mbele ya watu wake. Emaye alipiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia katika kuta. Wanawake wote pale pale wakageuza netela zao, zile shuka nyeupe za kujitanda, wakaipandisha taraza, lile pindo la rangi, mpaka shingoni, kama afanyavyo kila aliyefiwa. Walinitazama wakingojea nami nigeuze yangu.

Nilichukua netela yangu nyeupe ya sikukuu, nikaishusha taraza miguuni, kama mtu anayekwenda harusini. Nikachana nywele. Nikatoka.

Emaye alisimama mlangoni, uso umejaa damu kwa kujikwaruza na kucha zake. Akaniambia nikivuka kizingiti hicho namna ile, nisirudi tena kumwita Emaye. Nilivuka. Barabarani Weizero Askale alikuwa keshapata habari, maana alikuwa anakuja kulia na wenzake. Aliponiona alisimama kama aliyepigwa na radi. Kisha akapiga kelele kuliko siku zote: “Baba yako hajapoa udongoni nawe wajipamba! Mbwa akifiwa hulia, wewe mbwa amekushinda!” Akatema mate, yakaangukia kiatu changu. Lakini machozi yalikuwa yakimtiririka. Watu walidhani ni ya hasira.

Tangu siku hiyo nilikaa katika nyumba ile kama mpangaji. Emaye nilimwita “mama” kama mtu anavyomwita mama wa jirani, naye aliniwekea chakula bila kuniangalia. Sikumweleza kitu. Mwitaliano alikuwa na njia zake za kuuliza wanawake wazee, na asichokijua mtu hawezi kung'olewa.

Sasa nakwambia, Gashe, kile ambacho hakuna aliyekijua isipokuwa mwanamke mmoja.

Niliingia ofisi ile kwa agizo la Abaye mwenyewe. Katika ule mlo mmoja aliokula nasi, Emaye alipokwenda kuchota maji, aliniambia kwamba mikuki anayo ya kutosha, anachokosa ni masikio. Mimi nikawa sikio. Mdomo ulikuwa Weizero Askale. Hatukuweza kuonekana tukizungumza, kwa hiyo tuliamua tuonekane tukichukiana, na Mungu anisamehe, alikuwa na kipaji. Siku za kawaida nilivaa koti la ofisi. Nilipovaa netela, yeye aliisoma kutoka mlangoni pake. Taraza miguuni: lori linaondoka, wapiganaji wangoje bondeni. Taraza shingoni: hapana, rudini milimani. Tulichagua alama ya msiba kwa sababu tangu yale mauaji ya Waitaliano ya mwezi wa Yekatit kila nyumba mjini ilikuwa na kaburi, na Mwitaliano alikwisha kuchoka kuuliza nani amefiwa.

Siku ile lori lilikuwa limebeba wafungwa. Ferrante, akiwa bado na mvinyo wake mkononi, aliniagiza niwahi asubuhi nikawatafsirie askari amri: vijana wa mtaa wetu watolewe gerezani, wapelekwe pwani, na kutoka pwani kwenye kisiwa ambacho hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. Miongoni mwao alikuwamo Gizachew, mwana wa pekee wa Weizero Askale, aliyekamatwa akiwa ameficha risasi ndani ya gunia la nafaka ya tefu. Wapiganaji walikuwa tayari bondeni, njia ya kwenda Aleltu, wakingojea neno moja. Kama ningemlilia baba yangu kama binti anavyopaswa kulia, neno ambalo lingewafikia lingekuwa “rudini”.

Nilifikiri ningetuma neno kwa njia nyingine. Hakukuwa na njia. Ua ulikuwa umejaa watu, na wasikilizaji wa kulipwa walikuwamo hata kwenye misiba. Nilifikiri vilevile kwamba Abaye angeniuliza swali moja tu, lile lile alilokuuliza wewe: una rungu, au una kalamu tu? Basi nikashusha taraza. Weizero Askale aliponiona alielewa kwa pamoja kwamba mwanawe ataokolewa na kwamba nimemlipia kwa machozi niliyomnyima baba yangu. Akanitukana kwa sauti ya juu iwezekanavyo, kwa sababu ndiyo namna pekee aliyokuwa nayo ya kunishukuru.

Lori halikufika pwani. Vijana wote walipanda milimani.

Waitaliano walipoukimbia mji mwezi uliopita, vijana wengine wa mtaa walikuja getini kwetu na mawe kumtafuta banda. Emaye alikaa ndani akisali, mimi nikasimama uani nikingoja. Ndipo Weizero Askale akajitupa katikati yao na mwiko wake wa tej, akiwaambia anayetaka kurusha jiwe aanze na yeye, na wajinga kama wao ndio waliofanya vita vidumu. Akawaambia yote, tangu mwanzo. Hawakuamini mpaka Gizachew alipopita kati yao na nywele zake za simba, akaingia kwetu, akapiga magoti akabusu magoti ya Emaye. Alimwambia kwamba pumzi anayovuta ni ya binti yake. Alimwambia pia kwamba kaburi la Abaye analijua, liko chini ya mreteni kando ya kanisa huko Menz, na kwamba kila mwaka alilipalilia.

Emaye aliinuka. Alikwenda akakaanga kahawa, akaitwanga, akaimimina, na kikombe cha kwanza, ambacho ni cha mgeni wa heshima, akaniwekea mimi. Alikiweka kwa haraka, nusu ikamwagika. Niliinywa nusu iliyobaki.

Siku ya kuingia Mfalme kila mwanamke mjini alishusha taraza miguuni. Nami nikatoa netela ile ile, mikono ikaanza kuishusha kwa mazoea. Emaye akaja nyuma yangu. Hakuwa amenigusa kwa miaka miwili na nusu. Alinivua, akaigeuza, akapandisha taraza mpaka shingoni pangu, akaifunga vizuri kama nilipokuwa mtoto. Akasema: “Mlilie baba yako kwanza, mwanangu. Halafu tutapiga vigelegele.”

Nikaenda hivyo kwenye ushindi, mtu mmoja wa msiba katikati ya mji wa sherehe, nimeshika mkono wa mama yangu. Bendera ilipopita nililia kwa sauti kubwa. Watu walidhani ni furaha. Walikuwa sahihi pia, Gashe. Sijapata kufurahi kama siku ile.

Usijilaumu kwa Geneva. Uliamini neno la watu, na kosa si la anayeamini. Ila ukirudi, tusiwafundishe watoto kwamba sahihi ni ukuta. Tuwafundishe kuziba ufa.

Emaye anakusalimu, anasema uje na kifua kilichopona. Weizero Askale anakusalimu, anasema Yerusalemu haina tej na huo ni ushahidi kwamba si peponi. Gizachew bado hajanyoa. Anasema atanyoa siku ya tezkari, akikuona umeketi mlangoni. Kiti tumekiweka pale. Emaye hamruhusu mtu kukikalia, hata paka.

Ni mimi, dada yako, ukilirudisha neno hilo,

Yewubdar.