Sufuri ya Chumba cha Tatu

Doha, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Habari za Obunga? Macho yanaendeleaje, na goti je? Mimi ni mzima, ingawa jua la huku halina huruma. Nasimama langoni kulinda masaa kumi na mawili mpaka mate yanakauka mdomoni. Msalimie sana anayekusomea barua hii. Nitamrudia.

Mama, ulinieleza kwa simu ulivyopiga kura. Karani aliuliza nani atakusaidia kwa sababu huoni, na Baba mdogo Okoth akajitokeza, akatia sahihi fomu ya msaidizi. Ukamnong'oneza jina la rafiki yako Mama Atieno, muuza dagaa wa omena mwenzako aliyegombea udiwani wa wadi bila chama. Akakujibu, "Tayari shemeji, nimeweka alama." Ukatumbukiza karatasi sandukuni kwa mkono wako, ukarudi nyumbani ukiimba.

Kesho yake fomu ya matokeo ilibandikwa mlangoni, na Achieng wa shangazi akanitumia picha. Chumba cha tatu, mlichopigia wewe na Okoth: Mama Atieno, sufuri. Sufuri, Mama! Hata ile yako moja haimo. Naye Mama Atieno aliiona, ndiyo maana siku hizi hakushiki mkono kwenda kanisani. Anadhani ulimcheka. Haki ya Mungu, nililia kwa hasira. Na Okoth? Wiki haikuisha, mshindi akamfanya msimamizi wa soko. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Usiniambie nisamehe ati kwa sababu ni ndugu wa baba. Sisamehe! Ningekupigia simu, lakini siku hizi simu yako anaishika yeye.

Sasa Baba mdogo, najua ni wewe unayesoma. Mbona umenyamaza? Endelea, na usiruke mstari. Achieng alimpelekea Mama Atieno nakala kabla ya kukuletea hii, na ameshaisoma. Jumapili baada ya ibada Mama Atieno atakuja kumsomea Mama yote, neno kwa neno. Ukimsomea mengine leo, Mama atajua umemwibia mara ya pili. Na uchaguzi ujao nitachukua likizo, fomu ya msaidizi nitaisaini mimi.

Nisalimie shangazi, mchungaji, na mke wa Okoth, ambaye sina neno naye. Mama, Jumapili mpikie rafiki yako chai.

Baba mdogo, umefika mwisho? Basi msomee na jina langu, kwa sauti:

Ouma, mwanawe.