Sikukunyima, Papa Naomi, Nilikuwa Naumia

Papa Naomi,

Nimesikia umefika Lubumbashi salama na kazi umepata. Vizuri. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini naandika wazi, anayetaka asome, kwa sababu wewe ndiye uliyeanza kuyasema mambo ya kitanda chetu mbele za watu.

Yalikuwepo mazuri. Unakumbuka baridi yetu ya kwanza huku ugenini, Ganshoren, shofaji ya kupasha nyumba joto imekufa na mwenye nyumba hapokei simu? Tulilala na makoti, ukanichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Unakumbuka mimba ya Naomi, miguu yangu imevimba, ukapiga magoti pale kituo cha tramu kunifunga kamba za viatu? Watu walitutazama, wewe hata hukujali. Mwanamume yule nilimpenda. Na kitanda chetu siku zile kilikuwa cha furaha, unajua mwenyewe.

Kisha nikazaa. Nilichanika, wakanishona. Tuliporuhusiwa kuanza tena, ilikuwa kama napasuliwa upya palepale, halafu unabaki moto mpaka kesho yake, nikienda haja ndogo nashika ukuta. Nilikwambia. Mara ya kwanza uliacha, ukanifunika, ukasema, "Pole, mama." Mara ya pili uliguna. Baadaye ikawa, "Unaniogopa? Mi niko bwana yako, siko mwizi."

Basi nikanyamaza, nikawa nauma shuka. Usiniambie hukuona. Machozi yangu yalikudondokea begani, ukajifuta kwa mkono, ukaendelea.

Kwa daktari nilienda peke yangu. Hakunipima. Aliniangalia usoni akasema, "C'est normal, madame," eti ni kawaida, nipumzike, nipunguze mawazo. Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nawe ukayadaka kama mtu aliyekuwa akiyangoja. "Unaona? Iko mu kichwa."

Halafu ile Jumapili. Nilitoka misa na mtoto mgongoni, nikakuta umemwita mjomba wako, tonton Gaspard, na dada yako, yaya Odette. Nikadhani ni wageni. Nikapika bukari, ugali wetu, nikawapa maji ya kunawa, nikawahudumia. Walipomaliza kula ndipo tonton alipofuta midomo.

"Bon, maman Naomi. Bwana yako anasema unamunyima. Alors, shida ni gani?"

Papa Naomi, mimi sikuwahi kumtajia hata mama yangu mzazi sehemu hiyo ya mwili wangu. Siku hiyo nilimjibu mzee wa kiume, sahani chafu zikiwa mikononi: "Tonton, ninaumia."

Yaya Odette akacheka. "Sisi wote tulizaa. Ni we mwanamuke wa kwanza?"

Nikakutazama wewe. Nilingoja useme neno moja tu, kwamba uliniona nikilia. Ulikuwa unaangalia zulia. Kisha ukasema, "Siku hizi sijui kama hana muntu mwingine."

Mimi! Mwanamke asiyeweza kukaa vizuri kwenye kiti, atafute mwanamume wa pili wa kumuumiza!

Ulihamia kwa dada yako, kule Koekelberg, mwezi uleule. Yaliyofuata huyajui, maana hukuuliza. Nilienda kwa daktari mwingine, mwanamke. Aliniuliza, "Panauma wapi hasa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akagusa na kijiti cha pamba mahali padogo sana, kwenye kovu la mshono, nikaruka pale nilipolala kwenye meza ya vipimo. Akaondoa mkono hapohapo. "Pole, madame. Ni hapa. Hujazua kitu." Kovu lilipona vibaya, mshipa wa fahamu ukanaswa ndani yake, na misuli ya pembeni ikazoea kujikaza kwa woga kila inapoguswa. Lina matibabu. Lilikuwa na matibabu tangu mwanzo.

Nililia kwenye basi mpaka nyumbani, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Ile miezi yote!

Sasa naenda kwa mama mmoja wa kinesi, mtaalamu wa mazoezi ya mwili, ananifundisha kuilegeza misuli taratibu, pumzi kwa pumzi. Kuna siku inakubali, kuna siku inagoma. Yeye kila mara anauliza kwanza, "Naweza?" Nikisema hapana, tunaacha, tunazungumza habari nyingine.

Nilikupigia kukueleza, nikidhani utaona aibu. Ukasema, "Donc haikukuwa juu yangu? Mungu asifiwe." Kisha, bila hata kumeza mate, "Sasa ukipona, tunaweza kurudiana?"

Hapana. Kovu si kosa lako, sikulaumu kwa kovu. Nakulaumu kwa shuka, kwa bega ulilolifuta, kwa ile Jumapili. Uliniona naumia, ukachagua kuamini nina mwanamume.

Ukitaka kumwona Naomi, mlango uko wazi, ni mwanao. Mimi nakudai jambo moja. Mpigie tonton Gaspard. Mpigie yaya Odette. Waambie kwa mdomo wako, kwa sauti ileile: "Yule mwanamuke alikuwa anaumwa, na mi nilijua." Mpaka leo wananipita kanisani kama hawanijui.

Ubaki salama huko.

Mama wa mtoto wako,
Maman Naomi