Tawi kutoka kwa Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Yamefunguka. Asubuhi ua moja. Niliporudi kazini – kumi na saba! Nimeyahesabu mara mbili, koti bado mwilini, mkoba begani.

Huu ni mwaka wa sita tangu Baba, Mungu amrehemu, atuletee ile miche miwili ya aprikoti, mmoja wa Kaka, mmoja wangu. Wa Kaka huzaa mpaka matawi yanainama. Wangu huchanua, unanipandisha presha wiki nzima, halafu maua yanapukutika na basi. Sijapata hata tunda moja la kuonja.

Nimekisogeza kiti cha Mama dirishani. Ametazama weee. Kisha kasema mti huu una mbwembwe tu, kama shangazi yangu.

Jumanne, 5 Machi

Mchana sikula. Nilikwenda mbio kitaluni kwa muuza miche, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akauliza swali moja: upo peke yake? Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka akaweka chini ndoo ya maji.

Kumbe! Ziko aprikoti zinazojichavusha zenyewe, ila aina yangu haiwezi. Inataka chavua ya aina nyingine inayochanua wakati huohuo. Miaka sita nimeujaza samadi, nimeupogoa, nimeugombeza – na kosa halikuwa lake. Hauna mwenzake.

Dawa ni rahisi, anasema. Kata matawi yenye maua kwenye mti wa aina nyingine, yatie kwenye ndoo ya maji, weka chini ya mti wako. Nyuki watamaliza kazi. Nyuki wakizembea, chukua brashi laini, peleka chavua mwenyewe, ua kwa ua.

Brashi ninazo. Natengeneza meno bandia, ninazo za kupaka rangi ya jino, nyembamba kuliko unywele.

Nikamuuliza aina nyingine nitaipata wapi. Akasema mtaa mzima anaujua mti mmoja tu. Nyuma ya ile nyumba yenye geti la kijani.

Hilo geti nalijua.

Jumatano, 6 Machi

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu.

Miaka miwili iliyopita Mama aliteleza bafuni kwa Kaka, akavunjika nyonga. Nilifika hospitalini nikiwa nimepagawa. Nikamwambia Kaka, mbele ya wifi na wauguzi, kwamba angekuwa anamtazama Mama yasingetokea. Mama alipotoka nikamleta kwangu. Tangu siku hiyo Kaka hajakanyaga hapa, na mimi sijakanyaga kwake. Humpigia Mama kila Jumapili. Nikiipokea mimi, husema maneno mawili: "Mpe Mama."

Leo kazini nimebandika jino la kushoto upande wa kulia. Daktari akaniuliza kama nimependa mtu.

Maua sasa hayahesabiki. Redio inasema Jumapili mvua kubwa. Mvua ikishuka, chavua yote inaoshwa. Kwa hiyo mwisho ni Jumamosi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda.

Jana niliandika ujumbe mara tatu, nikaufuta mara tatu. Leo nikatembea tu kabla miguu haijabadili mawazo. Wifi kafungua geti, kanitazama kama aliyeletewa mzigo ambao hakuagiza, kisha akanivuta ndani kwa mkono.

Kaka alikuwa uani. Mti wake – sina maneno. Mweupe wote, na nyuki wanavuma kama mashine.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba tawi."

"Tawi."

"La maua."

Nikaeleza yote ya muuza miche, harakaharaka, kama mwanafunzi aliyekariri. Alisikiliza mikono kifuani. Nilipomaliza, mdomo wangu haukufungika. Nikasema na lile ambalo sikulipanga: "Yale ya hospitalini, sikuwa na haki. Hata kwangu Mama ameanguka. Mara mbili. Na nilikuwa chumba cha pili."

Aliishusha mikono.

Halafu akasema polepole, "Nilikuwa nimekwenda kumletea taulo. Hatua kumi."

Miaka miwili, sikuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Hata mara moja!

Tawi hakunipa. Alisema ataangalia, akaingia ndani. Wifi akanisindikiza, akaniambia nisimwone vibaya, mti ule anaubembeleza kuliko anavyombembeleza yeye. Nimerudi mikono mitupu. Lakini mbona natembea kama nimetua gunia?

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja!

Saa nne asubuhi. Ngazi begani, na wifi nyuma yake na ndoo mbili za matawi, maua yamejaa mpaka uso wake hauonekani. Wifi kaziweka chini, kanikonyeza, kaondoka. Kaka hakuingia ndani. Kapita pembeni moja kwa moja mpaka kwenye mti, kauzunguka, kauliza nani ameupogoa hivi. Nikasema mimi. Akasema inaonekana.

Tumegawana: yeye juu kwenye ngazi, mimi chini. Gusa ua lake, gusa langu, rudi. Nilipompa brashi ya meno bandia aliigeuzageuza. "Kijino, hii ndiyo kazi inayokulisha?" Kijino. Jina la utotoni, tangu nilipovunjika jino la mbele. Nilijifanya nina vumbi machoni.

Vidole vyetu vimekuwa vya manjano. Nimeingia jikoni kuchemsha chai, naandika nimesimama. Mawingu yameanza kujikusanya na upande wa chini nusu bado.

Mama kaita toka chumbani: nani huyo anakohoa uani? Nikasema fundi.

"Fundi gani anakohoa kama baba yenu?"

Namsikia anaivuta fremu yake ya kutembelea. Tok, tok, kwenye vigae. Na Kaka naye kasikia – namwona dirishani, ameshuka mpaka kidato cha mwisho, mguu mmoja chini, brashi mkononi, hasogei.

Mlango wa uani umefungwa. Chai inafurika. Nimekwenda kumshika Mama mkono, kanipiga kikofi, kasema niondoke njiani, mlango ataufungua mwenyewe. Sasa yupo kwenye kitasa, anahangaika na komeo, na Kaka upande wa pili ameweka brashi chini na anaukaribia mlango. Komeo limelia – naacha kuandika.