Mstari Mmoja Tu Upige Kelele

Alhamisi, 18 Agosti 1842

Wewe uliyeshika daftari hili, kama si mimi – lifunge. Tafadhali! Usimwambie mtu hata neno moja. Humu kuna uhai wa mtu.

Hakimu ameleta kazi: tangazo la kumsaka Jabez Thwaite, aliyewaongoza watu kung'oa vizibo vya boila viwandani ili mashine zisimame. Jabez ni kaka yangu, mama mmoja, baba mbalimbali. Hapa matbaani hakuna ajuaye. Ukarani wangu ni kuweka alama mstari upi upewe herufi zipi. ZAWADI nikaipa Misri – ndivyo tunavyoziita zile nene, zenye visigino vya mraba, zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Jina lake nikalipa herufi nyembamba kuliko zote.

Ijumaa, 19 Agosti

Mzee Tordoff, mpanga herufi, kanicheka. "Jina umelinong'ona, karani! Huyu anasakwa au anaposwa?" Bwana Helliwell, mwenye matbaa, akasikia, akataka jina liwe nene. Nikasema – sijui nilipata wapi ulimi – kwa nini isiwe mistari yote, hakimu aone tumejitahidi? Bwana akapenda. Tordoff akanung'unika: mstari mmoja tu ndio upige kelele, wote wakipiga ni mnada. Najua, mzee. Ndiyo maana.

Jumapili, 21 Agosti

Tangazo limebandikwa mlangoni pa kanisa. Weusi mtupu. Watu wanatazama, wanapita. Mwanamke mmoja alidhani ni ng'ombe wanauzwa. Nilicheka, kisha nikaondoka haraka.

Mama anasema Jabez yuko kwenye banda la kondoo, huko juu nyikani. Viatu vimemwishia. Nimechoka, hata kula sitaki.

Jumatatu, 22 Agosti

Hakimu kalirudisha! Bwana kafoka: "Umenifanya kichekesho, Edwin!" Sasa ni jina, Misri kubwa za mbao, na chini yake zawadi, kwa herufi ndogo. Basi. Nilisoma karatasi ya kwanza nikitafuta kosa. Hakuna. Nikatia sahihi yangu.

Saa moja baadaye muuza maziwa, mtu wa kusoma kwa kuungaunga, alisimama ng'ambo akalisoma jina la kaka yangu kwa sauti, lote.

Tordoff alikuwa anafuta wino. "Nilimwona huyo siku ya vizibo," akasema, bila kuniangalia. "Mna kidevu kimoja." Akaendelea kufuta.

Jumanne, 23 Agosti

Askari wawili wako na Bwana ofisini. Mlango umefungwa. Tordoff kaitwa ndani.

Ukurasa huu nauchana. Mama atauficha ndani ya mkate ampelekee Jabez.

Jabez, nyumbani usije. Jumamosi shuka na watu wa sokoni, kofia chini. Simama kwa mfua vyuma, usivuke barabara. Tazama dirisha letu la juu. Ukiona J ya Misri imesimama kiooni, zunguka mlango wa nyuma, gonga mara moja. Viatu na nguo ziko tayari. Itaonekana imegeuka kinyume, usishangae, ndivyo zinavyochongwa zote. Ikiwa imelala, nenda Liverpool hivyo hivyo ulivyo. Dirisha likiwa tupu, wamenichukua mimi; usiniulizie kwa mtu.

Nitaisimamisha mwenyewe. Ila ufunguo wa chumba cha juu anao Tordoff; asubuhi nilimwomba huo na J, akasema atafikiri, na sasa hivi ametoka ofisini. Anapanda ngazi. Mkononi ana ufunguo na J –