Saumu ya Mwezi wa Sita

Werugha, 18 Mei 2025

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Nalala na soksi mbili na asubuhi ukungu unaingia chini ya mlango bila hodi. Simu nimeacha kukupigia makusudi. Mtandao huku huja ukijisikia, na wewe ukiwa dukani unaongea nami kwa sauti inayofika mpaka stesheni. Mideva, yule mama anayenunua kabeji huku na kuzishusha soko la Voi, amekubali kuwa tarishi wetu.

Umeniuliza mara tatu mwanasaikolojia wa shule hufanya nini hasa, na kila mara nimekujibu kwa maneno ya chuoni. Wacha nijaribu tena. Shule ina wasichana mia nne na ishirini. Mwalimu wa hesabu ana silabasi ya kumaliza, hana nafasi ya kujua kwa nini yule wa dawati la nyuma hajaandika kitu tangu Jumatatu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wako wanaolia, wako wanaopiga wenzao, wako wanaofeli mtihani waliouweza mwaka jana. Wanakuja, tunazungumza, mara nyingine napima kumbukumbu zao na kusoma kwao. Simpi mtu dawa, wala simwamrishi mtu.

Walinipa chumba kando ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, na benchi la wanaongojea adhabu liko mlangoni pangu. Wiki mbili hakuja mtu. Nani akae hapo aonekane? Sasa nimehamia nyuma ya jikoni. Christabel, mpishi mkuu, ananipa maharagwe ya kuchagua, na msichana akija tunachagua pamoja, kila mmoja macho yake kwenye sinia. Nimegundua kuwa hawasemi wakitazamwa usoni. Mmoja juzi alinieleza mambo ya baba yake wa kambo mpaka debe likaisha. Mwingine haogopi kitu duniani ila fizikia, na hiyo naiogopa hata mimi. Mwalimu mkuu ameuliza kama shahada yangu ni ya maharagwe.

Nisalimie Ami Amin wa duka la vitambaa na majirani wote.

Mwanao,
Rayhana


Voi, 15 Juni 2025

Mwanangu Rayhana,

Waalaykum salaam warahmatullah. Sisi wazima, tunamshukuru Mola. Goti ni lilelile, limeamua tuzeeke pamoja. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kusema, sasa ninalo.

Barua yako nilimsomea Amin, tukacheka. Watu wakiniuliza kazi yako nilikuwa nikisema mwalimu. Siku hizi nasema mpishi.

Jana Amin alikuja huko siku ya wazazi kumwona binti yake Safaa, wewe ukiwa na mkutano Wundanyi. Walimu wawili walimpa mkono wakampongeza: binti yako ni mcha Mungu, anafunga kila siku. Na mpishi wenu, maskini, mtu wa Kakamega, akamwambia kwa furaha kuwa kila mchana humwekea Safaa sahani yake, aipate jua likizama. Amin akacheka nao, akashukuru. Angesemaje? Ramadhani iliisha Machi. Sita za Shawwal nazo zilipita, hata Arafa imepita. Kama ni kulipa siku zake, hizo ni wiki moja. Huu ni mwezi wa sita, Rayhana, na hakuna saumu ya mwezi wa sita. Alipokuwa akiondoka, Shanice, msichana anayelala kitanda cha chini yake, alimfuata mpaka getini akamwambia ile sahani ya magharibi anaila yeye Shanice.

Amin amerudi hana rangi. Anasema mtoto ana kitu, apelekwe Mombasa akasomewe Kurani, na akishatoka huko akae nyumbani. Unamjua Amin. Akimtoa kidato cha tatu harudi tena, atapima vitambaa dukani mpaka aolewe. Nimemzuia. Nimemwambia mwanangu yuko palepale, ngoja nimuulize. Nimempa neno langu.

Kwa hiyo niandikie mistari miwili tu. Anakuja kwako? Anasema nini? Amin si mtu wa kando. Mama yako alipokuwa mgonjwa, alifunga duka lake siku kumi akasimama kwenye langu.

Babako,
Hashil


Werugha, 19 Juni 2025

Baba yangu,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, na nimefurahi goti halijakushinda.

Siwezi kukwambia Safaa anasema nini, wala kama anakuja kwangu au haji. Hata kusema haji ni kusema. Wasichana hawa wanakuja kwa sababu wanaamini kinachosemwa nyuma ya jikoni hakivuki jikoni. Siku kitakapovuka, nitabaki na maharagwe.

Mtoto akiwa hatarini, mzazi wake huitwa siku hiyohiyo na husikia kutoka kwangu mwenyewe, si kwa rafiki yake. Ami Amin hajaitwa. Akitaka kuja, milango iko wazi: aje na mkewe, Mama Khamisa, tuketi na Safaa, na Safaa akiwa amekubali. Sahani na mizani ni mambo ya muuguzi wa shule, naye anajua kazi yake.

Mwambie tu asimtoe. Hilo nalisema juu ya msichana yeyote. Akitolewa, waliokuwa karibu naye wote wanakuwa mbali kwa siku moja.

Najua umeshatoa neno. Ungeniuliza kwanza, ningekwambia usilitoe.

Mwanao,
Rayhana


Voi, 26 Juni 2025

Rayhana,

Salaam. Sisi wazima.

Nimemfikishia Amin. Akauliza mbona yule wa baba wa kambo ulimwandika, na wa fizikia ukamwandika. Sikuwa na jibu lako, nikampa langu. Nimeuza vyombo maisha yangu yote, na sijaona mtu akifunika sufuria tupu. Safaa angekuwa haji kwako, ungesema haji, na yangeisha. Basi anakuja, na analo neno, na ni zito. Amin akasema ameelewa.

Naona nimekutoa kwenye dhiki. Wewe hukusema, na mwenzangu amepata alichokitaka.

Babako,
Hashil


Werugha, 2 Julai 2025

Baba,

Assalamu alaykum. Ya afya tuyaache leo.

Jana saa nne Ami Amin alikuja na pikapu. Alimtoa Safaa katikati ya somo la bayolojia, akapakia sanduku na godoro. Nilifika wakati anafunga kamba. Alimwambia mbele ya darasa zima, madirisha yakiwa wazi: "Mambo ya nyumba yangu unampelekea mtoto wa Hashil?" Safaa akanitazama. Alidhani nimesema. Sikupata nafasi ya kumwambia sikusema, na mbele ya watu wote wale nisingeweza hata kumwambia.

Walikuwapo wasichana wanane wa kuja jana na leo. Hakuja hata mmoja. Christabel amekuja kuchukua debe, amelikuta limejaa, ameondoka bila kuuliza.

Nimekukasirikia, baba. Nasema wazi usije ukatafuta jambo lingine nyuma ya maneno yangu. Safari hii halipo. Ulichukua ukimya wangu ukaufanya kauli, ukaupeleka kwa mtu ukiwa na uhakika ambao mimi mwenyewe sikukupa.

Na mimi nina langu, silikimbii. Wale wawili sikupaswa kukuandikia. Nilijiambia sikutaja majina, kumbe niliifanya kazi yangu kuwa hadithi ya kumfurahisha babangu. Kama ningenyamaza juu ya wote tangu mwanzo, kunyamaza juu ya mmoja kusingesema kitu. Ami Amin aliliona hilo upesi kuliko sisi sote wawili.

Usinijibu haraka.

Mwanao,
Rayhana


Voi, 17 Agosti 2025

Mwanangu Rayhana,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimekaa wiki sita na ushee kama ulivyotaka. Likizo imefika na karibu inaisha, na hukushuka Voi. Mideva anasema umebaki huko unaandika ripoti. Sijui kama ni ripoti au ni mimi, na sikumuuliza. Chumba chako kimefagiliwa hata hivyo.

Nikupe habari kama zilivyo.

Safaa alipelekwa Mombasa akasomewa siku tatu. Sina neno na kisomo, kisomo ni heri. Alirudi vilevile, mkanda wa buibui umezidi kukazwa. Tangu hapo anasimama kwenye kaunta ya babake. Duka letu na lao ukuta ni mmoja, namsikia akipima: mita moja, mita mbili, mita tatu na nusu. Zaidi ya hapo hasemi. Wateja wanamsifu kwa utulivu. Nilipowasikia wakimsifu nilikumbuka wale walimu wenu, na sikupendezwa na nafsi yangu.

Jumatano ya wiki iliyopita Amin alikwenda Mombasa kuleta majora ya vitambaa. Saa tano hivi Safaa aliingia kwangu. Nilidhani anataka chenji. Akaniuliza, "Ami, ni wewe uliyemwambia baba?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Ningesema nilimtakia heri, ningesema babake alijua tayari, ningesema mimi ni mzee. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia Rayhana hakusema hata herufi moja, mimi ndiye niliyesema, na nilisema nisichokijua. Kisha nikamtaka radhi. Nina miaka sabini na moja, na sikumbuki kumtaka radhi mtoto, hata wewe, na yako nadaiwa.

Akapindua ndoo moja ya kuuza, akaikalia, akaanza kuzungumza. Mteja aliingia kutafuta karai, nikamwambia makarai yameisha, na yalikuwa yamepangwa nyuma yangu mpaka darini. Adhuhuri ilinikuta pale. Sikumshauri kitu, kwa kuwa sikuwa nacho. Alipomaliza tulikula mahamri, yeye mawili mimi moja.

Fundi wa cherehani aliyeko mkabala alituona, na Amin alipofika jioni akaambiwa. Alikuja moja kwa moja na vumbi la safari.

"Amekwambia nini?"

"Siwezi kukwambia, Amin."

"Miaka arobaini, Hashil."

"Naijua hesabu yake."

"Mtoto ni wangu."

"Ndiyo. Basi muulize wewe. Na ukimuuliza usisimame upande wa mteja, zunguka uende upande wake."

Akaniambia mimi na wewe ni wamoja, tumemfanya baba asiyejua nyumba yake. Akatoka. Nilitaka kumwita nimweleze yote, ulimi ulishaanza. Nilijizuia kwa shida, Rayhana, na sasa nakuelewa.

Siku ya tatu alifunga duka mchana, jambo ambalo halifanyi hata siku za Idi isipokuwa asubuhi. Yeye, Khamisa na Safaa walikuwa ndani mpaka alasiri. Nilisikia viti vikisogezwa, maneno sikuyasikia, na niliongeza sauti ya redio nisiyasikie. Khamisa amenieleza leo kuwa Safaa anarudi shule muhula ukifunguliwa. Hakunieleza zaidi, nami sikutaka.

Unisamehe.

Babako,
Hashil


Werugha, 21 Agosti 2025

Baba yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima kabisa. Ilikuwa ni wewe, si ripoti. Ripoti niliimaliza siku ya nne, nikabaki nimekaa kitandani na hasira yangu. Iliisha niliposoma pale kwenye makarai, nikacheka, kisha nikalia. Nimekusamehe, nawe unisamehe yale ya kukufanya msikilizaji.

Nafurahi Safaa anarudi. Naogopa pia. Atanikuta palepale nilipokuwa nimesimama siku ile ya pikapu, na sijui kama atapita nyuma ya jikoni tena. Wengine walianza kurudi mmojammoja kabla ya likizo, wakija huku wakitazama nyuma. Yeye akinikwepa, wote watakwepa.

Najua ninachoomba, na najua nakiomba kwa nani. Ungenidokeza tu, baba. Mstari mmoja. Ningejua nianzie wapi naye na nisiguse wapi. Ni kwa faida yake.

Mwanao,
Rayhana


Voi, 24 Agosti 2025

Mwanangu Rayhana,

Assalamu alaykum. Tu wazima. Barua yako imenipa usingizi wa kwanza mzuri tangu Julai, tunamshukuru Mungu.

Sitakwambia. Mimi nami nilidhani ni kwa faida yake.

Kesho Amin anamleta Safaa yeye mwenyewe, na Khamisa atakuwa pamoja nao. Mwamkie Amin wewe kwanza, na kama hakuitika vizuri usichukie. Bado ana uchungu, na ana haki nao.

Kwangu hajaingia tangu jioni ile. Salamu ananipa kwa kuwa ni wajibu, huku anatazama barabara. Inaniuma, sikufichi. Jana wakati wa kufunga nilimwona akihangaika na ule mlango wake wa chuma, haushuki bila watu wawili. Nilikwenda nikashika upande wa pili. Tukaushusha pamoja, akafunga kufuli, akafuta mikono. Kisha yeye akaenda kwake, mimi nikarudi kufunga duka langu.

Babako,
Hashil