Wanasema Feza alitunzwa vizuri

Kasongo, Jumapili, mwezi wa kumi

Feza wangu,

Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa inadondoka tu kwenye bati. Leo tumemaliza kilio chako. Mama yako amepanda pikipiki kurudi Kabambare, na nyumba imebaki na mimi.

Nina uchungu. Nilidhani nitakuwa na huzuni tu.

Waliokuja kuaga wote walimsifu mama yako. Walisema mke wangu alitunzwa vizuri, kwamba tangu mama yake alipofika hakushika hata kikombe, hakuinuka kitandani. Niliitika kwa kichwa.

Wao hawakumsikia kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Alitueleza polepole: kansa ya damu inakula nguvu za mwili, dawa nazo zinalegeza miguu, na kwa kuwa damu yako haikuwa inaganda upesi, kuanguka kwako si kama kuanguka kwangu. Alitaka usimame kutoka kitini bila kujishika. Alitaka usimame kwa ncha za vidole huku umeshika meza, utembee kiupande kando ya ukuta. Siku ya homa, au damu ikitoka puani, upumzike. Siku nyingine ufanye, na mtu asimame karibu yako.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kila mara ulivaa kikwembe chako cha kanisani, ukasema huwezi kujifunza kusimama ukiwa umevaa kama mtu atokaye shambani. Mimi niliogopa kuliko wewe. Siku moja ulitazama mikono yangu ukacheka: "Mume wangu, ni weye unatetemeka. Sasa nani anashika mwenzake?" Ilifika wakati ukaenda chooni nyuma ya nyumba peke yako, ukarudi umejaa kiburi.

Halafu mama yako akaja kukuuguza, kama mama wa kwetu anavyopaswa. Alilala chumbani kwako, mimi nikahamia sebuleni. Kwetu mwanamume haingii mahali mama mkwe wake ameketi, hamtazami usoni, hambishii. Hakuna aliyenifundisha hayo kwa maneno, nilikua nayo. Na mazoezi yako yote yalitegemea mimi kuingia chumba kile.

Nilijaribu kupitia kwa jirani yetu, mama Zaina. Alirudi na jibu akitazama chini: "Amesema mutoto wake hakuolewa ili akuwe askari. Mugonjwa analala, watu wanamutumikia. Wakikuja kumusalimia wamukute amesimama, watasema nini?"

Nikamleta kine mwenyewe. Mama yako alimpokea kwa heshima, akamkaangia karanga, akaitikia kila neno. Kine alipoondoka, alikulaza tena na kukufunika.

Nilikusikia kupitia ukuta ukimwomba akuache usimame kidogo tu. Akakuimbia, kama mtoto.

Miguu yako ikakauka. Asubuhi moja mama yako alikuwa amekwenda kuchota maji. Hukuita mtu, uliinuka mwenyewe kama zamani. Nilisikia kishindo nikaingia bila kupiga hodi. Kichwa kilikuwa kimepiga ukingo wa kitanda. Hospitali walisema damu imevujia ndani, na haikutaka kusimama.

Hata asubuhi ile, kabla hatujakupeleka hospitali, mama yako aliporudi na kunikuta nimekupakata, kwanza alijifunika uso. Kwa sababu nilikuwa mle ndani.

Simchukii.

Hapana, leo namchukia kidogo. Alikupenda kwa njia aliyofundishwa, njia hiyo ikakuondoa, na watu wanaiita kutunza. Nani atamwambia? Si mimi. Leo aliniaga akiwa amegeukia ukuta, nami nikamjibu nikitazama matope.

Nayaandika hapa mtandaoni, mahali ambapo yeye hasomi na watu nisiowajua wanasoma. Kama wana mgonjwa wa damu, na kine amesema asimame, wamsimamishe, hata kama mkwe yuko chumbani. Aibu wataizoea.

Sijui huko uliko watu wanakumbukana vipi. Kama inawezekana, Feza, unikumbuke.