Nani Alisogeza Mupaka wa Muheto

Muheto, tarehe 4 mwezi wa kumi

Kwa binti yangu Léontine,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Sisi hapa nyumbani tuko wazima, mama yako anakusalimia, wadogo zako wanakula bugali kama watu wanaolipwa kwa kula. Na wewe huko Buleusa, afya iko namna gani? Mama yako mudogo anakutunza? Huku mvua inanyesha hadi tumechoka nayo.

Sasa fungua masikio. Nzabandora ameniibia udongo. Unakumbuka ile miti ya miyenzi tuliyopanda pamoja naye kuwa mupaka, kati ya shamba lake la juu na letu la chini, sawasawa na lile jiwe kubwa? Leo miyenzi iko upande wa chini wa jiwe, hatua tatu nzima. Mustari wote, na imekaa vizuri kabisa kama vile ilizaliwa pale. Mahindi yake sasa yanachungulia jiko letu. Nilimuuliza, akasema yeye pia anashangaa. Anashangaa, bwana! Muti hauna miguu.

Nimekwenda kwa shefu wa kijiji, ataita mashahidi. Watoto wa kaka yangu wamekwisha kunoa mapanga na mimi sijawakataza. Sitakufa nikiwaachia wadogo zako kipande cha kulala tu. Wewe njo musomi wa nyumba hii: niandikie mashitaka kwa Kifaransa kizuri, nipeleke ku ofisi ya territoire, na umupige Nzabandora maneno mazito. Simu haishiki tena tangu antene ilale, kwa hiyo umupatie karatasi motard wa pikipiki aliyekuletea hii.

Baba yako,
Athanase

*

Buleusa, tarehe 12 mwezi wa kumi

Baba mupendwa,

Nakusalimu sana. Mimi niko muzima, ile malaria imeisha. Mama mudogo anasema ninasoma sana na ninakula kidogo. Umuamini ku neno la kwanza tu. Mugongo wa Mama unaendelea namna gani?

Mashitaka sijaandika. Usikasirike kwanza. Nimesoma barua yako tena na tena, na kuna kitu kinanisumbua moyo. Muntu aking'oa miti mikubwa vile na kuipanda mahali pengine, si itanyauka? Na mashimo ya zamani, si yangebaki pale sawasawa na jiwe? Uliona shimo hata moja?

Unijibie na haya, hata ukiona ni ya kitoto. Mulango wa nyumba unafunga vizuri? Migomba ya Nzabandora imesimama ao imelala? Kisima kinatoa maji palepale? Na kule juu kabisa, ku malisho ya ngombe, mahali walikata miti yote ili kuchoma makala, udongo haujapasuka? Panda uangalie wewe mwenyewe, usitume muntu.

Ninakuomba, waambie wale kaka zangu waweke mapanga chini hadi nipate jibu lako. Nina sababu, lakini sitaki kuisema kabla sijawa na hakika.

Mutoto wako,
Léontine

*

Muheto, tarehe 23 mwezi wa kumi

Kwa Léontine,

Tunakusalimu, tuko wazima. Mugongo wa mama yako unauma wakati wa kulima tu, ukifika wakati wa kwenda soko unapona.

Niliomba mashitaka, nikapata examen. Nilikutuma ku masomo ili uje kuniuliza mulango wangu unafunga namna gani? Haya, musomi, andika. Mulango haufungi tangu mwezi wa tisa, tunausukuma kwa bega. Seremala alitumia mbao mbichi. Migomba yake imelala yote upande wetu kama watu wanaotoka ku pombe ya kasiksi; ni muvivu, hataki kuiwekea miti ya kuishika. Kisima kimekauka, maji yametokea chini ya choo, na ni machafu. Mashimo sikuona. Kule juu nilipanda na magoti yangu haya mabaya. Ufa uko, ndiyo, murefu, na muguu wangu uliingia hadi goti. Wachungaji wamejaza majani ndani ili ngombe wasivunjike. Umefurahi?

Yote hayo hayana kazi na Nzabandora. Shefu anakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, na kila mumoja wetu ataapa mbele ya watu. Juzi ku barabara Nzabandora aliniita muongo, na mama yako anasikia. Watu walinishika, kama si wao leo ningekuwa nakuandikia kutoka gereza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, binti yangu. Wewe uko mbali, niachie nyoka yangu. Na mashitaka, tafazali.

Baba yako,
Athanase

*

Buleusa, tarehe 31 mwezi wa kumi

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama na kwa watoto. Unisamehe, leo siwezi kusalimia kwa urefu, motard ananingoja.

Nzabandora hakuiba kitu. Mulima njo unatembea. Udongo wote, kuanzia ule ufa hadi nyumba yetu, unashuka polepole, na miyenzi, migomba, maji, vyote vinashuka pamoja nao. Ni jiwe tu limebaki, kwa sababu mizizi yake iko ndani ya mwamba. Nilimusomea mwalimu wetu wa jografia, prof Grégoire, majibu yako yote. Aliweka chaki chini, akaniuliza kama kuna watu wanalala pale. Nikasema ni baba yangu.

Anasema hivi: zamani mizizi ya ile miti ilishika udongo. Walipoikata kwa ajili ya makala, mizizi ikaoza. Sasa mvua inaingia ndani ya ufa, inafika ku udongo wa kufinyanga ulio chini, na udongo huo ukilowa unateleza. Leo unashuka hatua kwa hatua. Siku moja utashuka wote kwa mara moja, na siku hiyo haitaji jina lake.

Ninajua kwa nini tunaishi pale. Tulipotoka ku kambi ya wakimbizi tulikuta tambarare yote iko ya wenye ngombe, tukapewa muteremko. Ninajua pia muntu akitoka ku shamba, mwingine anaingia. Lakini Baba, toka.

Kama huniamini, funga kamba kutoka ku lile jiwe hadi ku mukaratusi wa kanisa, ng'ambo ya kijito, kisha upige vijiti chini ya kamba, mustari mumoja. Uvilinde mwenyewe ikiwa unaogopa Nzabandora atavigusa. Vikitoka ku mustari, chukua Mama na watoto siku ileile. Na umuambie Nzabandora pia. Nyumba yake iko katikati ya huo udongo. Sisi tutafunikwa, yeye atabebwa.

Mutoto wako anayeogopa,
Léontine

*

Muheto, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja

Binti yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Hadi saa hii tuko wazima.

Nilipiga vijiti ili nikuonyeshe wewe na prof wako kwamba munajua vitabu na mimi ninajua watu. Nikajenga kibanda pale, nikakaa na panga, nikila pale, nikisali pale. Hakuna muntu aliyekuja, hata mbuzi hakupita. Mvua kubwa ikanyesha, na vijiti vya katikati vikatoka ku kamba, urefu wa mukono wangu. Mama yako na wadogo zako wanalala ku kanisa sasa. Shefu nimemuambia afunge mashitaka yangu.

Kisha nikaenda kwa Nzabandora. Alikuwa amekaa ku mulango, hakunipa kiti. Nikamueleza ufa, kisima, kamba, yote. Alisikia hadi mwisho, akasema:

"Athanase, kwa panga ulishindwa, shefu umemuogopa, sasa unaniletea mulima? Nikitoka leo, kesho utalima hapa."

Na mimi, Léontine, ningejibu vilevile. Tangu nizaliwe sijaona muntu wa huku aliyeambiwa ahame halafu ikawa kwa faida yake.

Nimefikiri sana. Unajua kwetu muntu anayeng'oa miyenzi ya mupaka kwa mukono wake anajilaani, yeye na uzao wake hawatadai tena udongo ule. Kesho nitaing'oa yote mbele ya shefu na mbele ya watu. Nitamuambia Nzabandora shamba langu ni lake hadi mulango wa jiko, ila atoke na watu wake. Mama yako amelia sana. Wadogo zako watanilaumu siku moja, na watakuwa na haki. Ninapoandika hapa mvua imeanza tena.

Baba yako,
Athanase

*

Buleusa, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja

Baba,

Ninasalimu, sijui ninamusalimu nani.

Barabara ilifungwa kwa sababu ya bunduki, na barua yako imenifikia leo, imelowa. Aliyeileta anasema alisikia njiani kwamba mulima umeanguka upande wa Muheto. Hajui ni mulima gani. Hajui kama kuna watu chini yake. Nilimushika shati nikimuuliza neno lilelile, hadi mama mudogo akanitoa.

Mimi njo nilikuambia uende kwa Nzabandora. Kama ulirudi pale kwa ajili yake na udongo ukakukuta, ni mimi niliyekutuma. Siwezi kusoma tena jografia, kila nikifungua kitabu ninaona nyumba yetu. Nijibu, Baba. Neno moja linatosha.

Mutoto wako,
Léontine

*

Muheto, ku kanisa, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili

Kwa mutoto wetu Léontine,

Salamu sana. Usiogope kuona hati usiyoijua. Baba yako ni muzima, yuko hapa kando yangu, yeye anasema na mimi ninaandika, kwa maana mukono wake wa kuume umevunjika. Mimi ni Nzabandora. Sasa yeye anasema:

Binti yangu, tuko wazima wote, wa nyumba yetu na wa nyumba yake. Nilianza kung'oa miyenzi, na kila muti uliotoka wamama walipiga kelele kama ku kilio. Nilipofika katikati ya mustari, Nzabandora akanishika mukono, akasema basi, ameona, akaenda kufunga vyombo vyake. Ila mama yake, mzee Nyiraneza, alikataa, akasema yeye hahamishwi na kamba ya wanafunzi. Nikamubeba mugongoni, naye akinipiga ku kichwa njia yote. Ku kijito nikateleza, nikaona afazali mimi niwe chini na yeye juu. Mukono ukavunjika pale. Kesho yake mchana mulima ukashuka wote. Sauti yake sitakueleza. Nyumba yake haiko, yetu haiko, shamba haiko, langu wala lake. Tunakula sahani moja hapa kanisani, na mama yako anasema muke wa Nzabandora anaweka chumvi mingi.

Hapa mimi Nzabandora ninaongeza kidogo. Wakubwa walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu hakusikia la mutoto, akavunjika mukono. Na mama yangu anauliza atabebwa tena siku gani.

Sasa baba yako anasema niandike kwamba aliniita mwizi mbele ya watu wote, na kwamba ananiomba nimusa... Nimeweka kalamu chini. Amelisema tena, na tena, anakasirika, unamujua. Nimemuambia mukono unaoandika ni wangu, na neno hilo hautaliandika. Amegeukia ukuta. Machozi yanamutoka na hataki niyaone.

Rudi darasani, mama. Uwaambie wenzako mulima ule ulikuwa na watu, na kwamba walitoka.

Baba yako, Athanase,
na mimi baba yako mudogo,
Nzabandora